Kamba Iliyokutoka Mkononi

Hodan, hooyo, mwanangu,

Uko kwa ayeeyo unapakwa hina. Nasikia bibi yako anakugombeza mpaka huku, kwa sababu umempa mgongo wa mkono tu, viganja umevifunga kama mtoto aliyeficha peremende. Mimi nimekaa juu ya begi lako ili lifungike, karatasi iko kwenye goti, na kalamu hii inaandika ikitaka. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha mdomo. Shule ilinifundisha kuandika hiki, halafu nikaacha shule nikakuzaa. Huko unakoenda pia utaongea hiki kutwa, kwa hivyo tuanze kuzoea.

Mambo ya blanketi, nyama ya nyirinyiri iko kwenye kopo gani, swala, watu wa kuepuka, hayo ayeeyo ameshasema yote na kesho kabla ya basi atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu na nimelizunguka tangu adhuhuri. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimefungua redio ambayo haikuwa na shida nikaiharibu.

Jambo ni hili. Kesho unaenda kusomea stima, juu kule karibu na mabwawa, na unaenda ukiamini kwamba mikono yako ndiyo ilimuua mjomba wako, abti Yusuf. Ulilisema mara moja tu, wakati wa msiba, watu wamejaa uwanjani. Ulinifuata jikoni ukaniambia, "Hooyo, niliachilia." Na mimi nikakujibu haraka haraka, "Ni kadari ya Mungu," nikabeba birika nikatoka kuwapa wageni chai. Kadari ni kweli, sikatai. Lakini wewe uliniuliza kitu kingine, na mimi nilikimbia na birika.

Sasa sikimbii. Kaa chini usome yote, usiruke.

Unakumbuka kulivyokuwa kabla? Nyaya za stima zinapita kule barabarani, zinaenda mjini Garissa, hazishuki mpaka huku mashambani. Maji ya mto Tana yanatoka juu yakiwa yameshawasha miji mizima, yanafika kwetu, na sisi tunasoma kwa tochi ya simu na kufukuza viboko kwa kupiga masufuria. Hilo lilikuwa linaniwasha kichwa, wallahi. Ayeeyo alikuwa anasema wakubwa wamekamua nguvu yote ya maji huko juu ndiyo maana chai yake haina ladha. Nikamwambia, ayeeyo, maji hayapungui hata kikombe! Yanaanguka kwenye bomba kubwa, yanasukuma gurudumu la chuma, gurudumu linazungusha sumaku ndani ya nyaya za shaba, na hapo ndipo stima inatoka. Maji yenyewe yanaendelea na safari yake. Akanitazama, akasema, "Basi hayo maji ni kama mume wako. Yamefanya kazi mahali pengine, huku yanakuja kulala."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini alikuwa amesema kweli kuhusu mto. Huku kwetu Tana imelala. Nchi ni bapa, hakuna mahali maji yanaanguka. Wenye mabwawa wana kimo, wanayainua maji kwa ukuta halafu wanayaangusha. Mimi sikuwa na kimo. Nilikuwa na bando la simu, video za walimu wanaoongea puani, na kichwa kisichotulia.

Nikachukua kitanda cha chuma cha ayeeyo. Unajua mwenyewe vita vilivyotokea. Nikakifunga mitungi ya plastiki chini kielee, nikakata mapipa ya mafuta yakawa makasia ya gurudumu, nikaweka jenereta ya lori bovu na rimu za baiskeli za kuongeza mwendo. Tukakiita Kitanda tu, kwa sababu ndicho kilikuwa. Tukakifunga kwenye mti kwa kamba, kikakaa majini kinayumba.

Abti Yusuf alikuwa amekuja kwetu mwaka ule kutoka upande wa Bura, ukame umemmalizia mbuzi wake wote, amebaki na fimbo na birika. Ndugu yangu mdogo, mtu aliyejua kila mbuzi kwa sura, sasa analinda pampu ya kumwagilia vitunguu vya watu. Alikuwa anakaa kwenye ukingo anatafuna kijiti na kunikejeli mimi dada yake.

"Abaayo, hilo gurudumu linazunguka kama ngamia mzee anayetafuta pa kulala."

"Ngoja nibadilishe mkanda."

"Badilisha mto."

Na ile jioni taa ilipowaka! Ilikuwa nyekundu, dhaifu, hata uso wako haikuonyesha, ukatufunika nayo kwa mtandio ili tuione vizuri. Yusuf akaweka kiganja juu ya balbu kama anampima mtoto. "Hii haijawaka. Hii ina homa." Wewe ulicheka ukaanguka mchangani. Nimeshika ile jioni kwa nguvu zote, hooyo. Sijapata nyingine kama ile.

Ningeachia hapo tungekuwa sawa. Taa yenye homa ingetosha. Lakini unanijua.

Nikapata ile hesabu. Kwamba maji yakienda kasi mara mbili, nguvu unayopata kwenye gurudumu haiwi mara mbili, inakuwa mara nane. Mara nane! Nilitoka mbio bila viatu nikamkuta Yusuf anakunywa chai.

"Kasi mara mbili, nguvu mara nane!"

"Na mbuzi mara mbili, maziwa mara nane? Huyo mwalimu wako hajawahi kufuga."

Sikumsikiliza. Kimo sina, basi nitatafuta kasi. Pale mto unapojigawa, mkono mdogo unapita kati ya ukingo na kisiwa cha mchanga. Nikasema nitaubana. Wewe na Yusuf na mimi tulijaza magunia mchanga, tukakata matawi ya mathenge, miiba ikatuchana mpaka mabegani, tukajenga ukuta wa kuziba nusu ya njia ili maji yote yapite kwenye mwanya mmoja mbele ya Kitanda. Yusuf alisimama juu ya magunia akasema, "Abaayo, unamkaba mto shingo." Nikamwambia simkabi, namwomba aharakishe. Na kweli taa ikapona homa. Ikawa ya njano. Watu wa mashamba wakaanza kuleta simu zao kuchaji, na mimi nikatembea kifua mbele kama mwenye bwawa.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Endelea kusoma.

Gari la chifu lilipita na kipaza sauti. Mabwawa yamejaa, milango itafunguliwa, wanaokaa kando ya mto wahamie juu. Watu waliguna tu, walikuwa wameshasikia hivyo mwaka mwingine na maji hayakuja. Yusuf aliteremka mtoni akatazama jinsi alivyofundishwa na baba yetu. Akaangalia rangi ya maji. Akaangalia kama kuna povu, vijiti, majani mabichi yanayoelea. Akanusa. Akaangalia anga upande wa milima, kavu kabisa. Akarudi akasema, "Mto bado hajakasirika."

Alikosea, lakini alikosea kwa haki. Alikuwa anausoma mto wa baba yetu, mto unaokasirika mvua ikinyesha. Mimi ndiye nilijua kwamba mto ule haupo tena. Mimi ndiye nilikuwa nawaeleza watu kwamba Tana siku hizi ina mlango na kuna mkono wa mtu kwenye mlango, na mkono huo unaweza kufungua jua likiwa linawaka. Nilijua, hooyo! Na nilimwacha aamini povu na vijiti. Unajua kwa nini? Kwa sababu niliposikia kipaza sauti kile, nilifurahi. Nilihesabu mara nane.

Kesho yake alasiri maji yakaja bila kelele yoyote. Yalipanda tu, kama mtu anajaza beseni. Gurudumu likaanza kuvuma, taa ikawa nyeupe, nyeupe hata mchana inaonekana, na mimi nikapiga vigelegele. Ndiyo sauti ya mwisho ya furaha Yusuf aliyosikia kutoka kwangu, na ilikuwa ya balbu. Halafu nikaona kamba ya Kitanda inasaga gome la mti. Sikusema, tukate Kitanda kiende. Nilisema, "Yusuf, ongeza kamba ya pili."

Alivua shati. Akajifunga kamba ya tatu kiunoni, akakupa wewe ncha nyingine. Nani alikuchagua? Mimi nilikuwa nashikilia mti uliofungiwa Kitanda, hakukuwa na mwingine. Wewe ukaenda kuifunga ncha kwenye shina, jambo ambalo mtu yeyote wa mjini angefanya, na yeye akakupigia kelele. Unakumbuka alisema nini? Nataka ukumbuke maneno, usikumbuke kamba tu.

"Usifunge! Mnyama anayevuka mto hafungwi kwenye mti. Ishike kwa mkono. Ikinizidi, achia niogelee."

Hiyo ndiyo desturi yetu ya kuvusha mifugo, na siyo ya kubahatisha. Mnyama akifungwa kwenye kitu kisichosogea, maji hayamsukumi mbele, yanampandia mgongoni na kumlaza chini. Baba yetu alipoteza fahali hivyo nikiwa mdogo. Kamba ikiwa mkononi mwa mtu, mtu anahisi, analegeza, mnyama anapata kichwa chake. Yusuf alikupa kamba ili uweze kuiachia. Ndiyo kazi aliyokupa.

Akafika. Akaifunga kamba ya pili kwenye Kitanda. Akageuka kurudi, na maji yakamchukua miguu. Kamba ikakaza, ikakuburuta, ukaanguka kifudifudi kwenye tope, ukaendelea kuishika mpaka ikakula ngozi ya viganja vyote viwili, halafu ikakutoka. Wewe ulibaki na uso kwenye tope unalia. Hukuona kilichofuata.

Mimi niliona.

Kabla kamba haijakutoka, maji yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake. Nilikuwa nauona mgongo tu. Kamba ilipokutoka, aliinuka. Hodan, aliinuka! Kichwa kilitoka, mabega yakatoka, akavuta pumzi nikaisikia mpaka ukingoni, na akaanza kuogelea kimshazari jinsi wachungaji wanavyoogelea, hashindani na maji, anayaibia kidogo kidogo kuelekea yale mathenge yaliyoinamia mtoni. Alibakiza kidogo sana. Alinyoosha mkono.

Halafu ukuta wangu wa magunia ukapasuka. Yale maji yote tuliyoyabana, niliyoyabana, yakatoka kwa pamoja. Mti ukang'oka pamoja na kamba zote mbili, hata ile aliyokuwa ametoka kuifunga, na Kitanda kikaja. Chuma, mapipa, jenereta, vyote. Kilimpata kichwani. Sikumwona tena mpaka watu wa mashamba ya chini walipotuletea habari.

Hivyo ndivyo alivyokufa. Hakufa kwa kuachiliwa. Alipoachiliwa alianza kupona.

Utauliza kwa nini nilikaa na hili. Wakati wa msiba watu walisema, "Kamba ilimponyoka mtoto, maskini," wakakuhurumia, hakuna aliyekulaumu, na ile huruma ikawa kama shuka, mimi nikajifunika pembeni yake. Ningesema aliinuka, ningelazimika kusema kilichomrudisha chini. Na mtaa mzima ulikuwa umenisaidia kujenga sifa za Kitanda. Nikajiambia utasahau, wewe ni mdogo. Mvua mbili zimepita na hujasahau. Unaosha vyombo mikono imekunjwa. Maji ya kuchota unamtuma mtoto wa jirani. Halafu ukaja na barua ya chuo, stima, karibu na mabwawa, na nilipokuuliza kwa nini huko ukasema, "Basi tu." Nimeogopa hiyo "basi tu" kuliko mto. Nimeogopa unaenda kulipa kitu ambacho si chako.

Kuna kitu kingine nilifanya peke yangu. Nilirudi pale. Siku za kawaida nikitupa kijiti majini nakifuata kwa kutembea polepole. Siku ile maji yalikuwa yanapita na gogo ambalo mtu asingelifuata hata kwa kukimbia. Ile hesabu yangu niliyoipenda ina dada yake, sikuwa nimemsikiliza vizuri: kasi ikiwa mara mbili, msukumo wa maji kwenye kitu kilichosimama ni mara nne. Ikiwa mara tatu, ni mara tisa. Mgongo wa mtu, kamba, mikono ya msichana. Ngamia asingeishika ile kamba. Hesabu ile ile iliyonifanya nifurahie kipaza sauti ndiyo inayosema hukuwa na nafasi.

Lakini usiishie hapo, maana utajiambia, kama ningekuwa na nguvu zaidi. Hapana. Ungekuwa na nguvu za kuishika, ungemshikilia chini ya maji. Udhaifu wako ndio ulimpa pumzi ile moja niliyoisikia.

Nilijaribu pia kumchukia mtu wa mlango. Yule aliyefungua huko juu, simjui, labda ana watoto. Nilimchukia kwa muda mrefu, ilikuwa raha kidogo. Lakini bwawa likijaa lazima lifunguliwe, lisipofunguliwa linapasuka, na mimi najua ukuta ukipasuka inakuwaje, nimejenga mmoja. Na alisema. Alisema kwa kipaza sauti, nikasikia, nikapiga hesabu.

Kwa hivyo huko unakoenda, sijui nikuambie nini. Utaona ukuta wa kweli, utaona maji yana kimo, utasikia sakafu inatetemeka kwa magurudumu yanayozunguka chini, na najua kifua chako kitaruka kwa sababu changu kinaruka hata sasa nikiandika, na hilo linanitia aibu. Mimi bado napenda, Hodan. Bado nalala nikiota mabomba. Sitakudanganya kwamba nimeponywa. Kama ukifika ukaona huwezi kuangalia maji, rudi, hakuna atakayekucheka, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Kama ukiweza, baki. Lakini baki kwa sababu unataka, usibaki kwa ajili ya Yusuf. Yusuf angekuambia nenda kafuge.

Na kama siku moja utakuwa karibu na mlango ule ukifunguliwa, huku chini kuna wazee wanaotazama povu na vijiti. Simu yangu haitazimika.

Ukinichukia, ni haki yako. Sitakuja na birika. Ila uchukie kitu cha kweli. Chukia magunia, chukia vigelegele vyangu, chukia "ongeza kamba ya pili." Mikono yako iache.

Kitanda kipo bado, unajua? Maji yalikitupa kwenye mathenge mbali kule chini, kimekunjwa katikati, mbuzi wa watu wanalala kivulini mwake. Nilikwenda kukivunja nikauze vyuma. Nikarudi mikono mitupu. Ayeeyo anaendelea kulala kwenye mkeka na hajawahi kukiulizia, hata mara moja, yeye ambaye anaulizia hata kijiko.

Nasikia viatu vyako uwanjani. Hina ya mgongo wa mkono imekauka bila shaka. Iliyobaki nimemwomba ayeeyo aniachie, ipo kwenye kikombe cha bluu juu ya begi, pamoja na barua hii. Mimi nitakuwa pale nje, nimekipa kisogo kikombe, najifanya natengeneza redio.

Ukimaliza kusoma, niletee viganja. Ile michirizi ya kamba hina itaishika vibaya, itakuwa nyeusi kuliko kwingine, itaonekana wazi na wasichana wa chuo watakuuliza ni nini. Waambie abti yako alikupa kamba akakuambia uachie, na wewe ukaachia.

Hooyo wako,
ambaye aliona.